Kompyuta ya Vedasto Mkekani

Jumatatu, 26 Januari 2026

Shemeji Anton amepiga simu kutoka Ziba. Tumesalimiana – mvua, mahindi, ng'ombe, wote wazima. Kisha akaja kwenye jambo lenyewe. Misa ya mwaka ya kaka yake Vedasto, mume wangu, ni Jumamosi tarehe 14 mwezi ujao, hapa hapa Cheyo. Baada ya misa tunamaliza msiba na vitu vya marehemu vinagawiwa.

Utaratibu wa ukoo wao naujua. Vitu vinatandazwa mkekani, uani. Anayepewa kitu lazima akitumie pale pale mbele ya watu, ndipo kinakuwa chake. Alipokufa baba mkwe, Katarina, dada yao mkubwa, alipewa cherehani akashona kifungo cha shati la katekista. Katekista alikuwa amelivaa hivyo hivyo, sindano inapita kidevuni. Anton alipewa jembe akachimba shimo katikati ya ua, kuku wote wakaingia humo. Asiyeweza kukitumia, kinampita, kinakwenda kwa mwingine. Hawagombani. Ndivyo walivyo.

Anton akasema: ile kompyuta tumpe Recheli. Recheli ni binti yake, yuko chuo cha ualimu, mwaka wa kwanza. Wewe shemeji utaifanyia nini? Utaifunika kitambaa tu.

Nilikuwa nimesimama karibu nayo. Imefunikwa kitambaa. Nilikifuma mwenyewe, cha maua ya bluu.

Nikasema, nitaitumia. Sijui sauti hiyo ilitoka wapi. Anton akacheka kidogo, bila ubaya. Basi utatuonyesha, shemeji.

Siku kumi na tisa. Sijawahi hata kuiwasha.


Jumanne, 27 Januari

Nimeiwasha. Kitufe kiko juu, kulia. Miaka saba nilimwona akikibonyeza na mimi sikuwahi. Kazi yangu ilikuwa kumsomea alama za wanafunzi, yeye anaandika. "Themanini na moja." "Naam." "Kumi na tatu." "Huyo ni nani tena?" – na anavua miwani kabisa, kana kwamba mtoto mwenyewe amesimama mlangoni.

Herufi A imefutika. Chini ya vitufe kuna maganda ya karanga.

Nikaweka maharage jikoni. Nikachambua mchele. Nikarudi, kiduara bado kinazunguka. Nikafagia. Hatimaye ikatokea picha ya dume jeupe la ng'ombe la Anton, ambalo Vedasto alilipenda kuliko ndugu zake wengine. Halafu maneno ya Kiingereza. Nikafungua kamusi yake, neno kwa neno. Windows hii haihudumiwi tena tangu Oktoba mwaka jana. Ninashauriwa ninunue kompyuta mpya.

Nikafungua faili moja. Ikaganda. Nikangoja. Nikaizima kwa kukandamiza kitufe, kama unavyomziba mtoto mdomo kanisani.

Kompyuta yenyewe inaniambia nitafute nyingine. Kesho naipeleka kwa Najiat.


Jumatano, 28 Januari

Nimeibeba kwenye kapu hadi Gongoni. Najiat, Mwarabu wa huko huko, ana steshenari, ndiye aliyechapa mitihani ya Vedasto miaka yote.

"Shikamoo Mama Modest. Umeniletea kuku?"

"Marahaba. Nimeleta kompyuta."

"Afadhali ungeleta kuku."

Akaifungua, akaiwekea sikio kama daktari. Akasema mwili ni mzima, kumbukumbu ni gigi nne, kinachoilemea ni nguo, yaani ile Windows. Tuivue hizo, tuiwekee Linux. Mimi nilidhani Linux ni dawa ya kusafishia. Kumbe ndiyo inayoendesha mashine zake zote tatu, maana watu wanamletea flashi zenye virusi vya kila wilaya. "Vya Urambo, vya Sikonge, vya Nzega. Vikiingia humu vinakuta watu wanaongea lugha visiyoijua. Vinakaa tu."

Na ni bure. Nimeuliza mara mbili.

Amenieleza hivi. Linux ndiyo kitambaa. Ubuntu, Zorin, Mint ni mafundi cherehani, kila mmoja anashona kwa mkono wake. Ile sura unayoiona kwenye kioo – wapi pa kubofya, vitufe vimekaa wapi – huo ndio mshono. Fundi mmoja anaweza kushona mishono mitatu. Kazi yangu ni kuchagua fundi na mshono.

Akanipa flashi yenye mishono mitano. Kila mmoja unaujaribu bila kufuta chochote, unaendeshwa kutoka kwenye flashi, kama gauni la dukani. Hukupenda, unavua, unarudisha.

Nikasema naogopa. Akasema, "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, wewe umeshindwa na flashi?"

Nikamwambia, "Babu zako ndio waliowabebesha."

Alicheka mpaka mteja wa fotokopi akageuka.


Alhamisi, 29 Januari

Inatakiwa ubonyeze F12 upesi upesi wakati inawaka. Mara ya kwanza nilichelewa, likatokea dume la Anton. Mara ya pili nilibonyeza mno, ikaanza kulia pi-pi-pi. Mara ya tatu – orodha. Majina matano. Nilikaa nikiyaangalia kama menyu ya hoteli.

Nimeanza na Ubuntu. Zambarau, nadhifu sana. Vitufe vimepangwa kushoto, kuanzia juu kwenda chini. Ukibofya alama ya chini kabisa, programu zote zinajaa kioo kizima kama mitumba iliyotundikwa. Ni nzuri. Lakini nilijiona mgeni kwenye sebule ya mtu, umekalia ukingo wa kochi na hujui uweke wapi kikombe. Na feni yake ililia muda wote.

Hata hivyo nilipata programu ya kuandikia. Nikaandika jina langu. Herufi K niliitafuta mpaka nikaanza kuiita. Paskazia. Likatokea pale, jeusi, limenyooka, kama kwenye tangazo la serikali.

Nikaliandika mara nne.


Ijumaa, 30 Januari

Leo Kubuntu. Mshono wake unaitwa Plasma. Nilipotea kwenye mipangilio saa mbili nzima. Kila kitu kinabadilishwa – rangi, ukubwa wa mshale, sauti, kona za madirisha. Ni kama duka la vifungo, unaingia kutafuta kimoja unasahau hata gauni lenyewe.

Halafu nikabofya kisanduku kimoja na madirisha yakaanza kunesa. Kweli. Unaliburuta dirisha kulia, linavutika kama uji mzito, kisha linatulia. Ukiliburuta kushoto linatikisika tumbo. Nikaliburuta juu. Chini. Juu. Nikacheka.

Kile kicheko changu chenye mkoromo mwishoni. Vedasto alikuwa anaungojea. Nikicheka bila kukoroma alisema, "Bado mkia."

Sijacheka hivyo tangu Februari. Nikajiona kwenye kioo cha kabati – mama mzima na kitambaa cheusi kichwani, anacheka na dirisha. Nikanyamaza. Nikasikiliza kama jirani amesikia.

Kisha nikaliburuta tena.

Jioni nikaandika ukurasa mzima, juu ya Vedasto na karanga zake na jinsi alivyopuliza maganda kwenye vitufe halafu akanitazama mimi. Nikauhifadhi.


Jumamosi, 31 Januari

Ukurasa haupo.

Nimetafuta asubuhi yote. Nikampigia Najiat. Akasema, "Mama Modest, si nilikwambia ni gauni la dukani? Sasa wewe umesahau leso kwenye mfuko wa gauni la dukani." Ukichomoa flashi, kila ulichoandika kinakwenda. Kinabaki tu ukishaiweka Linux ndani ya kompyuta yenyewe.

Ajabu, sikulia. Nilichoandika nakikumbuka. Nitaandika tena, na safari hii K najua inakaa wapi.


Jumapili, 1 Februari

Padre alihubiri vizuri, nadhani. Mimi nilikuwa nachagua mshono. Mungu anisamehe.


Jumatatu, 2 Februari

Zorin asubuhi. Imejipamba kama Windows lakini imepaka na poda. Inapendeza hata nikaogopa kuigusa. Ila hapa kwangu inatembea kama bibi harusi, hatua moja, inasimama, watu wanapiga picha.

Mchana, Mint, mshono wa Cinnamon. Kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto. Nikabofya, orodha ikafunguka – za ofisi hapa, za picha hapa, za muziki hapa. Sikuuliza mtu. Ni kama jiko la mama yako, unanyoosha mkono bila kutazama na chumvi ipo.

Nikampigia Najiat kumwambia nimempata. Akasema, "Huyo ndiye wangu. Nilijua tu." Akasema lakini fundi huyo huyo ana mshono mwingine, umebaki mmoja kwenye orodha, uujaribu kabla hujatangaza ndoa.


Jumanne, 3 Februari

Xfce. Jina kama namba ya gari. Nembo yake ni panya.

Haina madoido. Hakuna kinachonesa. Rangi yake ni ya kawaida, kama sare ya shule. Kitufe kiko pale pale chini kushoto, orodha ile ile, fundi ni yule yule. Lakini inakimbia. Kweli ni panya.

Nimepima. Sina saa ya kupimia, nimetumia Salamu Maria, tangu ninapoichagua kwenye orodha mpaka niweze kuandika herufi ya kwanza. Cinnamon, Salamu Maria kumi na saba. Xfce, kumi na moja. Nimerudia ili nisiipendelee, ikawa kumi na moja na nusu. Nikajaribu na ile Windows ya Vedasto. Nimemaliza rozari, matendo yote matano, nikaanza litania.

Najiat hajafurahi. "Xfce ni mshono wa wazee." Nikamwambia mimi mzee, na kompyuta mzee, na siku hiyo watu arobaini watakuwa wamesimama juani wanangoja. Akafikiri. "Hapo una hoja."

Basi nimechagua. Mint, mshono wa Xfce. Nimeandika jina hili kwenye karatasi nikalibandika kabatini, na kila nikipita naliangalia kama matokeo ya mtihani.


Jumatano, 4 Februari

Mvua. Umeme hakuna tangu alfajiri. Nimekula michembe ya viazi vitamu na karanga, nimekaa.

Nilikuwa sijafikiria jambo moja. Kuiweka ndani ni kufuta kilichopo. Vedasto alivyopanga mafaili yake kwenye kioo, yamezunguka lile dume kama watu wamekuja kulitazama. Huo mpangilio hauwezi kunakiliwa. Mafaili yataokoka, mpangilio hapana.


Alhamisi, 5 Februari

Kwa Najiat tangu asubuhi. Kwanza kunakili. Aliniwekea flashi mbili, mafaili yale yale mara mbili, moja ya kubaki kwake na moja kwangu. Mafaili mia mbili na kumi na mbili. Karibu yote ni mitihani. Sayansi darasa la tano, sayansi darasa la sita. Moja liliitwa "usisahau". Nikalifungua. Mstari mmoja: Paskazia – miwani.

Nilikuwa nalalamika sioni tundu la sindano. Nilisema mara moja tu, nakumbuka, tulikuwa tunakula.

Najiat akajifanya anatafuta karatasi chini ya meza. Alikaa huko muda mrefu.

Tukaanza. Lugha? Kiswahili. Mji? Ikatupa Dar es Salaam, tukakubali. Kisha swali lenyewe – futa diski yote, weka Linux Mint. Najiat akasema, "Nikubonyezee?" Nikasema hapana. Nikaomba tuizime kwanza, tuiwashe kwa ile Windows mara ya mwisho. Akaniacha. Iliwaka polepole kama kawaida yake. Nikaliangalia lile dume na mafaili yaliyolizunguka. Nikaizima vizuri, bila kukandamiza.

Halafu nikabonyeza.

Nilidhani nitalia. Badala yake nilikuwa natazama asilimia kama mtu anayetazama mpira. Arobaini. Arobaini na moja. Ilipokwama sitini na nane mteja mmoja, baba mtu mzima aliyekuja kupiga picha za pasipoti, akavuta kiti naye akakaa. Ilipofika mia tulipiga makofi watatu. Yule baba hakujua ni ya nini.


Ijumaa, 6 Februari

Iko nyumbani. Ni yangu kuiwasha. Nimeiwasha na kuizima mara sita bila sababu.

Kiswahili chake ni nusu. Neno moja la Kiswahili, la pili la Kiingereza, kama vijana wa redioni. Nimeizoea.

Nimerekebisha jambo moja mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana, kompyuta inasema 14:20. Simu yangu nayo husema hivyo, lakini simu ni ya Kizungu, nimeiacha. Hii nimeichagulia Kiswahili. Kompyuta ya Kiswahili isome saa za Kiswahili. Saa ya ukutani ya baba mkwe ilikuwa hivyo mpaka ikafa – asubuhi kunakucha inasema moja, na hakuna aliyechelewa shamba.

Nikatafuta kwenye mipangilio. Nikaondoa ile alama ya kujirekebisha yenyewe kwa intaneti. Ikaniomba neno la siri. Nikaliandika. Nikaweka 8:20.

Sasa inasema ukweli. Nimejisifu mpaka nimejionea haya.


Jumamosi, 7 Februari

Nimeiharibu.

Najiat alisema nikifika nyumbani niiunganishe na bando la simu, ichukue masasisho na maneno ya Kiswahili yaliyobaki. Nimefanya. Inakataa. Maandishi mekundu. Kamusi. Inasema faili hili bado halijaanza kufaa, litafaa baada ya saa nne na dakika kumi.

Vizuri. Nikangoja. Nikafua. Saa nne na dakika kumi zikapita, nikajaribu tena. Ikasema faili jingine halijaanza kufaa, saa tano na dakika mbili. Nikangoja tena. Nimengoja mpaka kuku wamelala.

Wiki moja imebaki. Nimefuta vya Vedasto nikaweka kitu kinachosema bado, bado, bado.


Jumatatu, 9 Februari

Najiat aliangalia kioo kwa muda mfupi sana.

"Mama Modest. Nani ameweka saa hii?"

"Mimi."

"Kwa nini ni saa tatu?"

"Kwa sababu ni saa tatu."

Aliweka kichwa juu ya mashine ya fotokopi. Mabega yakawa yanatikisika. Alipopata pumzi akanieleza. Kompyuta zote duniani zinaulizana saa. Yangu nimeirudisha nyuma saa sita. Sasa inaletewa vitu vilivyofungwa leo asubuhi, na yenyewe bado iko usiku. Inaona tarehe, inaona saa, inasema hiki hakijatengenezwa bado, nikipokeeje? "Si mbovu. Ina adabu tu. Haichukui kitu cha baadaye."

Akairudisha. 9:14. Masasisho yakaingia yote, moja baada ya jingine, kama ng'ombe wanaotoka zizini.

Amemsimulia kila mteja aliyeingia. Mzee mmoja wa Kiarabu, jirani yake wa duka la nguo, akasema kwa utulivu kabisa kwamba mimi ndiye niko sahihi na dunia ndiyo imekosea. Nimerudi nyumbani nikicheka njia nzima, na kapu kichwani.


Jumatano, 11 Februari

Leo naandika humu ndani ya kompyuta, siyo kwenye daftari. Vidole viwili, lakini vinajuana.

Recheli amefika kutoka Ziba kunisaidia maandalizi. Shikamoo mama mkubwa, na kabla hajanywa maji ameshika ufagio. Nilikuwa nimejiandaa asipendeke. Ningetaka awe na kiburi kidogo. Hana.

Jioni alitoa simu yake, kioo kimepasuka pembe hadi pembe. Anaandikia kazi za chuo humo, kwa vidole gumba. Kurasa kumi na mbili. Alinionyesha. Mahali palipopasuka anakisia herufi.

Nikafungua kompyuta. Akasema chuoni anajua Windows tu, hii haijui. Nikamwonyesha – hapa chini kushoto, hapa za ofisi, hapa unahifadhi. Alinitazama. "Mama mkubwa, umejifunza wapi?" Nikamsimulia habari ya saa. Alianguka kitandani kwa kicheko. Alikuwa wa kwanza kulala kwenye kitanda kile upande wa Vedasto, na hakujua, na sikumwambia.

Kwa muda wa nusu saa ameyajua yote niliyoyajua kwa wiki mbili.

Sikufikiria hilo nilipokuwa namfundisha. Nimelifikiria sasa, amelala.

Mwanzo niliitaka kwa sababu ni ya Vedasto. Sasa mle ndani hamna cha Vedasto ila nilichorudisha mwenyewe. Na bado naitaka, hata zaidi. Naitaka kwa sababu nafurahi nikiifungua. Hilo siwezi kumwambia Anton. Nitasema nini – shemeji, nipe, inanifurahisha?


Ijumaa, 13 Februari

Wamefika wote. Sufuria za kuazima zimejaa ua. Katarina alinisalimia kwa kilugha, "Mwangaluka," akanishika mashavu, akasema nimenenepa usoni. Siyo kunenepa, ni kucheka.

Anton: "Shemeji, inawaka?"

"Itawaka."

"Tutaona."

Katarina akamwambia, "Na wewe ulichimba shimo tu. Hatukusema kitu."


Jumamosi, 14 Februari

Naandika hapa uani, nimekaa mkekani. Waya wa umeme umepitishwa dirishani. Misa imekwisha, wamenivua kitambaa cheusi, kichwa kinapata upepo.

Baiskeli imekwenda kwa mjukuu wa Katarina, amezunguka ua mara moja na kugonga sufuria. Redio amepewa Katarina, ameiwasha ikatoa taarabu, akaizima haraka, kisha akaiwasha tena kidogo. Koti ni la Anton. Limembana.

Halafu Anton akasema, imebaki kompyuta. Wanaoitaka ni wawili, Mama Modest na Recheli. Mkubwa aanze.

Nimeiwasha, imewaka upesi, watu wakasema eeh. Anton akasema haya, andika kitu tuone. Nikauliza niandike nini. Akasema chochote. Kwa hiyo naandika hiki.

Recheli amekaa nyuma ya bega langu na anasoma kwa sauti kila ninachoandika ili walio mbali wasikie. Sikulifikiria hilo. Amesoma kwamba koti limembana. Watu wamecheka, Anton amefungua vifungo. Sasa amesoma kwamba Anton amefungua vifungo. Katarina anasema nifute ile habari ya taarabu. Wifi, sifuti. Amesoma na hiyo.

Sijawahi kuandika nikisomwa. Daftari langu halijaonwa hata na Vedasto. Recheli amesoma hilo polepole.

Anton anasema imetosha shemeji, tumeona, unaweza. Sasa Recheli naye aonyeshe, halafu wakubwa waamue. Ni haki. Amehamia kando yangu, magoti yetu yanagusana. Ananiambia taratibu, mama mkubwa, malizia tu, mimi nangoja. Anangoja kweli. Hilo ndilo baya lake. Na ataweza, mimi ndiye niliyemfundisha.

Nimeomba nimalizie sentensi moja tu. Wamekubali. Sentensi yenyewe ni hii, kwamba leo ni mwaka tangu Vedasto aondoke na mimi nimechagua mwenyewe fundi na mshono na nikakosea saa na nikacheka, na simu ya Recheli imepasuka pembe hadi pembe nayo pia iandikwe ili wote waisikie, na yeye ameisoma na sauti yake imetetemeka lakini anaendelea, na sijaweka nukta kwa sababu nikiweka nukta lazima nisogee, na Anton anasema shemeji nukta, na Katarina anasema mwacheni mtoto wa watu aandike, na watu wanacheka, na Recheli anacheka huku anasoma, na ameweka mkono wake juu ya vitufe upande wa kulia akiniachia wa kushoto, na sasa tunaandika wote wawili, na